Maji ya Chokaa Katika Tangi la Matumbawe

Askari yeyote aliyewahi kukaa kambini anaijua chokaa. Ameikoroga katika debe, amepaka mawe yaliyopangwa kandokando ya njia iendayo uwanja wa gwaride, amepaka na mashina ya miti hadi usawa wa kiuno, kisha sajini akapita na kusema kwamba weupe huo hautoshi, kazi ianze upya. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza chokaa yenyewe asili yake ni nini. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa, jibu kwa karne nyingi lilikuwa moja: ilitoka baharini. Watu walikusanya mawe ya matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakayachoma mpaka yakawa chokaa, na kwa chokaa hiyo wakajenga misikiti, majumba na makaburi. Hata Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo askari wa mataifa mbalimbali waliigombania kwa damu, kuta zake ni za mawe ya matumbawe.

Leo tungependa kuwaeleza wasomaji wetu safari iliyo kinyume cha hiyo, yaani chokaa inayorudishwa majini, tone baada ya tone, ili matumbawe yapate kuishi. Kazi hii hufanyika usiku na mchana katika matangi ya vioo yaliyo mbali na bahari za joto. Zamani ilikuwa kazi ya watu wenye kupenda mapambo ya nyumbani. Siku hizi sivyo, kwa maana yapo matangi ambamo mnashikiliwa matumbawe ambayo jamaa zake baharini wamekwisha kufa au wanaendelea kufa. Katika matangi hayo, mtu akikosea kipimo usiku mmoja, anachokipoteza huenda kisipatikane tena.

Kwa ajili ya wale ambao hawajaiona bahari, yafaa tueleze kwanza kwamba tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni mnyama mdogo, laini, mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na vidole vingi, naye hukaa pamoja na maelfu ya wenzake kama nyuki katika mzinga. Ndani ya nyama yake mnaishi mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo hupokea mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake sukari. Chini yake mnyama huyu hujijengea kiti cha jiwe, na jiwe hilo ndilo tuliloliona likiunguzwa tanurini. Ili ajenge jiwe anahitaji vitu viwili vilivyoyeyuka majini: kalsiamu, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya mifupa yetu, na kaboneti, ambayo ni ndugu wa magadi. Huviunganisha viwili hivyo kwa uwiano usiobadilika. Katika kila gramu 100 za jiwe la tumbawe, gramu 40 ni kalsiamu.

Bahari haihangaiki na hesabu hizi. Katika kila lita ya maji yake mna kalsiamu kiasi cha miligramu 420 na magnesiamu kiasi cha miligramu 1,300, na ukubwa wake ni wa namna ambayo matumbawe ya pwani nzima yaweza kujenga mwaka hata mwaka bila ya upungufu kuonekana. Kwa sababu hiyo waliotangulia kufaulu kuyaweka matumbawe hai mbele ya watazamaji walikuwa watu wa pwani. Huko Nouméa, katika kisiwa cha Kaledonia Mpya, Mfaransa René Catala na mkewe Ida walifungua nyumba ya matangi mwaka 1956, na maji ya bahari yakawa yakipita humo mfululizo. Bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa ikileta posho.

Taabu iliwapata watu wa bara. Mtu wa Ujerumani au wa katikati ya Marekani alitengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi maalumu na maji safi, akatia matumbawe, akawasha taa kali, na kwa majuma kadhaa kila kitu kikapendeza. Kisha, pasipo samaki kufa wala maji kunuka, matumbawe yakaacha kukua, nyama ikaanza kubanduka kuanzia chini, na jiwe jeupe likabaki. Wengi walidhani ni ugonjwa. Ilikuwa njaa. Tangi ni kama kikosi kilichozingirwa: kilichomo ghalani ndicho hicho, na kila siku kinapungua.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu Peter Wilkens aliwaelekeza wenzake kwenye dawa ambayo sasa, kila tunapoifikiria, inatuchekesha kwa wepesi wake. Ilikuwa maji ya chokaa. Chokaa iliyozimwa, ile ile ya kupakia mawe ya kambi ila iliyosafishwa zaidi, hutiwa katika maji safi yasiyo na chumvi, hukorogwa, kisha huachwa itulie. Lita moja ya maji haiwezi kuyeyusha hata gramu 2 za chokaa. Inayozidi hukaa chini kama uji. Maji maangavu ya juu ndiyo yanayotakiwa, na uji wa chini, ambao hushika uchafu wa madini mengine, huachwa pale pale. Chombo hufunikwa vizuri, kwa maana chokaa ikikutana na hewaukaa iliyomo angani hufanya utando mgumu juu ya maji, na utando huo ni chokaa iliyokwisha kurudi kuwa jiwe, haina faida tena kwa tumbawe.

Maji hayo yakidondoka katika tangi hufanya kazi mbili kwa pigo moja. Kwanza huleta kalsiamu. Pili, ukali wake huikamata hewaukaa iliyoyeyuka tangini na kuigeuza kuwa bikaboneti na kaboneti, yaani ile nusu ya pili ambayo tumbawe linaihitaji. Tena huleta vitu hivyo kwa uwiano ule ule ambao tumbawe linavitumia, wala hakibaki kitu cha ziada cha kuharibu maji. Watunzaji wengi huyadondosha usiku. Sababu ni kwamba taa zikizimwa ile mimea midogo huacha kula hewaukaa, nayo hujikusanya na kuyafanya maji yawe na uchachu zaidi; maji ya chokaa huja wakati huo huo na kuiondoa. Kwa hiyo, wakati jumba la matangi limefungwa na mlinzi yuko langoni, kazi kubwa ya kulisha ndiyo kwanza inaanza.

Sasa tufike kwenye jambo linalowaponza watu wengi, nalo ni hesabu. Tuchukue tangi la lita 400 lenye matumbawe yanayokua vizuri. Tuseme yanajenga gramu 10 za jiwe kwa siku, uzito ambao ungekaa katika kijiko. Gramu hizo 10 zina gramu 4 za kalsiamu. Zigawanye kwa lita 400, utaona kwamba kila lita imepoteza miligramu 10: kutoka 420 imeshuka hadi 410. Mpimaji asiye makini atasema hakuna neno. Lakini akiba ya kaboneti, ambayo watunzaji huipima kwa nyuzi za Kijerumani na ambayo baharini ni kiasi cha nyuzi 7, haikuwa kubwa tangu mwanzo. Ikiwa tangi lilikuwa na nyuzi 8, siku hiyo hiyo moja itakuwa imeshuka karibu hadi 6 na nusu. Kalsiamu imepungua sehemu moja katika arobaini. Kaboneti imepungua karibu sehemu moja katika sita. Baada ya siku tatu, kama matumbawe yangeendelea kula vile vile, kalsiamu ingekuwa bado 390, jambo lisilotisha, hali kaboneti ingekuwa imeshuka chini ya 4 na matumbawe yamo hatarini.

Hivyo basi, yule apimaye kalsiamu peke yake hufanana na mtunza ghala anayehesabu magunia ya unga huku chumvi na maji vimekwisha. Ghala lake linaonekana limejaa na kikosi kinaanguka. Inasikitisha kusema kwamba madukani chupa ya kalsiamu ndiyo inunuliwayo upesi, kwa kuwa jina lake linajulikana, na mtu akiona matumbawe yake yananyong'onyea humimina kalsiamu zaidi na zaidi juu ya ile ambayo haikupungua.

Kipimo cha kaboneti chenyewe hakihitaji shule kubwa. Huchukuliwa maji kidogo ya tangi katika kijichupa, hutiwa dawa ya rangi, kisha hudondoshewa asidi nyepesi tone kwa tone huku matone yakihesabiwa mpaka rangi igeuke. Idadi ya matone ndiyo jibu. Sharti ni kupima saa ile ile kila siku, na kuandika. Tunasisitiza kuandika. Namba moja peke yake haisemi kitu. Namba saba za siku saba, zikisimama katika mstari mmoja wa daftari, huonyesha matumbawe yanakula kiasi gani, na hapo ndipo mtu anapojua atie kiasi gani. Mwenzetu wa polisi aliyezoea daftari la matukio pale kituoni ataelewa haraka kuliko mwanasayansi asiyependa kuandika.

Kwa tangi letu la mfano, gramu 10 za jiwe kwa siku hurudishwa na kiasi cha lita 5 za maji ya chokaa. Kwa bahati njema tangi la ukubwa huo, chini ya taa za moto, laweza kupoteza kiasi hicho kwa mvuke, kwa hiyo maji ya chokaa huingia mahali pa yale yaliyokauka na chumvi haibadiliki. Lakini bahati hiyo ina mpaka. Matumbawe yakikua na kuzidi, yatadai lita 8 au 10, nayo maji yaliyokauka bado ni 5 tu. Hapo maji ya chokaa pekee hayatoshi.

Waliofika mpaka huo walitafuta njia nyingine. Moja ni ya chupa mbili: katika moja kloridi ya kalsiamu, chumvi ambayo katika nchi za baridi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na katika nyingine bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi. Pampu ndogo hudondosha kiasi sawa kutoka kila chupa, lakini kwa nyakati mbalimbali au pembe mbalimbali za tangi, kwa maana vikikutana vikiwa vikali hugeuka unga mweupe papo hapo. Ubaya wake ni kwamba mabaki ya viwili hivyo ni chumvi ya kawaida, ambayo hujikusanya polepole, kwa hiyo sharti maji yabadilishwe mara kwa mara. Hapa tumeulizwa kama magadi ya Ziwa Magadi, yanayouzwa masokoni kwa kupikia maharage, yangefaa. Jawabu letu ni hapana. Kiini chake ni cha aina hiyo hiyo, lakini magadi ghafi huja na udongo na floridi, na tangi halina mahali pa kuvitupa.

Njia ya pili ndiyo inayotupendeza zaidi. Mtungi wa bomba nene hujazwa vipande vya matumbawe makavu yaliyopondwa, maji ya tangi hupitishwa humo, na hewaukaa kutoka katika silinda, jamaa ya ile iliyomo katika baadhi ya vizima-moto vya ofisini, hupulizwa ndani. Maji huwa machachu, mifupa ya zamani huyeyuka, na yale yatokayo upande wa pili yamebeba kalsiamu, kaboneti, na chembe za madini mengine yaliyokuwamo. Wafu huwalisha walio hai. Ila hewaukaa iliyobaki huelekea kuyafanya maji ya tangi yawe machachu, na wengine hurejea kwenye maji ya chokaa ili kuiondoa.

Magnesiamu tusiisahau. Matumbawe hutumia kidogo sana, lakini kazi yake ni ya ulinzi: huzuia kalsiamu na kaboneti zisigandamane zenyewe majini kabla ya kumfikia mnyama. Ikishuka mno chini ya 1,300, mtu atamimina dawa kila siku na kila siku itaganda kwenye pampu na vioo. Kuhusu chupa nyinginezo za rangi zinazopangwa madukani, za aidini, strontiamu na kadhalika, maoni yetu ni mafupi. Usitie kitu ambacho huwezi kukipima.

Hatari kubwa ya maji ya chokaa ni ukali wake. Kipimo cha pH cha maji ya bahari ni kama 8.2, cha maji ya chokaa ni zaidi ya 12, na katika kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi ya iliyotangulia. Yakiingia jichoni huunguza. Anayeyashughulikia na avae miwani na mipira ya mikono. Sasa fikirini lita zile 5, ambazo zilitakiwa kudondoka usiku kucha, zinaingia kwa mara moja. pH hupanda kwa zaidi ya nusu hatua. Maji hufanya ukungu mweupe, na ukungu huo ni ile posho yenyewe ikigeuka jiwe na kuanguka chini. Mkasa ambao watunzaji husimulia mara nyingi ni wa boya. Boya dogo huachilia maji kila usawa wa tangi unaposhuka. Konokono hupanda juu yake, au chumvi huligandisha, nalo hubaki limefungua. Chombo cha akiba kilikuwa na lita 40. Asubuhi mtu akifungua mlango anakuta tangi jeupe kama maziwa na samaki wanahema juu ya maji.

Akikuta hivyo, asikimbilie chupa ya asidi. Apulize hewa kwa nguvu, maana hewaukaa iliyomo humo chumbani itaushusha ukali polepole. Kama pH imepita kiasi, watu wenye uzoefu hutumia maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha, ambayo ni hewaukaa iliyofungwa chupani, wakiyatia kidogo kidogo huku wakipima. Lakini kinga iliyo bora kuliko hizo zote ni chombo kidogo. Chombo cha akiba kisibebe zaidi ya posho ya siku moja, hivyo hata boya likikwama, kosa lina mwisho. Kadhalika kaboneti iliyoshuka isirudishwe kwa pupa. Wengi hawapandishi zaidi ya nyuzi 1 kwa siku, maana matumbawe yaliyozoea njaa huungua ncha zake yakishibishwa ghafula.

Tulisema mwanzoni kwamba kazi hii imeacha kuwa mapambo. Mwaka 2014, karibu na Miami katika jimbo la Florida, uligunduliwa ugonjwa unaovua nyama ya matumbawe ya mawe na kuacha mifupa mitupu. Ukaenea katika mwamba mzima wa jimbo hilo na kuvuka hadi visiwa vya Karibi. Kuanzia mwaka 2018 wakuu wa huko waliamua kuyatoa baharini matumbawe mazima kabla ugonjwa haujayafikia, wakayagawa katika nyumba za matangi na bustani za wanyama za majimbo mbalimbali, na mwaka 2020 kikafunguliwa kituo maalumu Orlando, mji ulio ndani ya bara. Kisha likaja joto la mwaka 2023. Mwezi Julai kipimo kimoja katika ghuba ya Manatee kilionyesha zaidi ya nyuzi 38, joto la maji ya kuogea, na watu wakabeba matumbawe kutoka vitaluni baharini kuyapeleka kwenye matangi ya nchi kavu. Pwani yetu inayajua mambo haya. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi mno Kenya na Tanzania, bila ya kuyahesabu yale yaliyovunjwa na baruti za wavuvi haramu.

Kwa wasomaji wetu walio polisi, hasa wa mipakani na viwanja vya ndege, kuna jambo la kuongeza. Matumbawe ya mawe yamo katika Jedwali la Pili la mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake kati ya nchi na nchi inataka kibali, yawe hai ndani ya mfuko wa maji au yawe mifupa mikavu katika mzigo wa mtalii. Yakikamatwa yakiwa hai, yasimiminiwe maji ya bomba kwa huruma. Maji yasiyo na chumvi huyaua upesi.

Mwaka 2013, katika jumba la makumbusho la Horniman kusini mwa London, Jamie Craggs na wenzake walifaulu kuyafanya matumbawe yatoe mayai ndani ya matangi yasiyounganika na bahari, kwa kuigiza majira ya joto, machweo ya jua na mbalamwezi. Kwa msaada wa ujuzi huo, mwezi Agosti 2019 jumba la Florida Aquarium la Tampa lilipata mayai ya tumbawe la nguzo, aina ambayo imekaribia kutoweka kabisa katika bahari ya jimbo hilo. Mabuu yatokayo katika mayai kama hayo huogelea kwa siku chache, kisha hutafuta mahali pa kushika, hujibandika, na kuanza kujenga kiti cha kwanza cha jiwe, kidogo kuliko kichwa cha pini. Tangu saa hiyo huanza kudai kalsiamu na kaboneti, na yanavyozidi kukua namba za daftarini huanza kushuka, na mtunzaji wa zamu hupima tena, huandika, na kuongeza matone.